Kamera Iliyoingia Bila Hodi

Wenzangu, asalaam aleikum, na kwa walio wa kanisani kama mimi, Bwana asifiwe. Mwenyekiti ameniomba nisimame kwa sababu wengi wenu hapa Bondeni mnataka kuweka kamera madukani, na ameona mimi ndiye wa kuwaeleza. Nitawaeleza. Lakini nikianzia kwenye kamera mtadhani nilizaliwa na bisibisi mkononi, kwa hivyo nitaanzia Voi, asubuhi moja.

Asubuhi hiyo niliamka, nikanawa uso, nikatazama barabara. Basi, ni hilo tu. Sikuwa nimegombana na mtu wala kufukuzwa. Nilikuwa nikiuza chai kwenye kibanda cha rafiki yangu na siku zilikuwa zikienda. Ila mimi nina ugonjwa wa tangu utotoni: nikiona njia, nataka kujua inaishia wapi. Ndio ulionitoa shuleni mapema, kabla hata sijamaliza msingi, na ndio ulionizungusha miji mingi nikifua, nikipika, nikipaka rangi, bila kutulia popote. Nikafunga mkoba, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Likanishusha Mwembe Tayari.

Nilisimama pale na mkoba wangu sijui nielekee wapi. Mbele ya duka moja kulikuwa na fundi juu ya ngazi akivuta waya, na ngazi yenyewe ilikuwa ikiyumba. Nikaishika. Hakunishukuru, aliniambia tu nisiiachie. Nami kwa kuwa nimesimama bure nikaanza kumuuliza. Waya huu ni wa nini? Mbona ni mwembamba? Picha inapitaje humo ndani? Aliposhuka aliniuliza kama mimi ni askari.

Nikamwambia hapana, nataka kujua tu.

"Basi rudi kesho unishikie ngazi," akasema. "Na hayo maswali uyagawe, dada, usiyamalize yote leo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kamera. Mama mmoja wa Makupa, muuza viazi, alinipa nafasi ya kulala sebuleni kwake, katikati ya magunia, na kila asubuhi nilikuja kwa fundi. Alinifundisha mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi la kamera. Kwamba hapa kwetu chumvi ya hewani hula kila kitu, na kiungo cha waya usipokifunga vizuri kitaota kutu kabla hujamaliza kujisifu. Kwamba kamera ikitazamana na jua la asubuhi itakuonyesha mwanga mtupu. Kwamba stima ikipotea, na hupotea, kamera isiyo na betri ya akiba ni pambo la ukutani. Wenzangu, haya yashikeni, maana muuzaji hatawaambia. Yeye atawaambia picha ni safi. Ndiyo, ni safi, lakini ya nini?

Ikaja siku fundi akapata kazi kubwa hotelini, ng'ambo ya kivuko, akaniachia kazi ndogo Mji wa Kale niifanye peke yangu. Lilikuwa duka la leso na mafuta mazuri. Mwenyewe nitamwita Mama wa Leso. Vichupa vyake vya mafuta vilikuwa vikipotea kwenye meza, tena vile vya thamani, na hakumwona mwizi hata siku moja. Alikuwa amefika mahali pa kumshuku kila aingiaye, hata dada yake.

Nilitaka kumwonyesha fundi kwamba nimeiva. Nikachagua kamera nzuri kuliko zote, nikaipandisha juu ya mlango upande wa nje, nikaielekeza njiani ili imwone mwizi tangu anakuja. Na skrini nikaitundika juu ya meza ikitazama wateja, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwenye maduka ya mjini: mwizi akijiona mwenyewe ataogopa. Mama wa Leso akafurahi. Akaniletea mahamri. Nikakaa nikila na kutazama picha yangu kama mtu anayetazama mtoto wake.

Ninyi mliozaliwa hapa mmeshaona kosa, nawaona mnatikisa vichwa. Mimi sikuliona.

Mnajua vichochoro vya Mji wa Kale vilivyo vyembamba. Mkabala na duka kuna nyumba kubwa ya zamani, mlango wake wazi mchana kutwa, na mlangoni pazia. Asubuhi pazia limetulia. Alasiri upepo wa baharini huingia kichochoroni na kuliinua, si sana, kiasi cha kuonyesha ukumbi ambamo mabibi wa nyumba ile hukaa, wamevua mabuibui yao, wanasukana nywele na kuzungumza. Mpita njia huinamisha macho akapita. Kamera haiinamishi macho. Na skrini yangu ilikuwa juu pale, mbele ya kila aliyekuja kununua.

Mteja mmoja akawatambua, akacheka. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika kila pembe.

Akaja mzee mwenye nyumba ile. Nilidhani atanipigia kelele. La. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali, akauliza hali ya wazee wangu huko bara na safari yangu ya kuja Mombasa. Maamkuzi yalikuwa marefu mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Binti, mlango wangu una pazia. Pazia lile halikuwekwa kuzuia mbu. Wewe umeingia kwangu bila hodi, na umeingia na watu."

Nawaambia ukweli, wenzangu, afadhali angenipiga.

Mama wa Leso aliniamuru niishushe kamera papo hapo. Nilipozivuta skrubu, plagi zake, vile vidude vya plastiki vya kushika skrubu ukutani, zikatoka na donge la chokaa na tumbawe kubwa kama ngumi, na ukuta ukabaki na tundu ambalo kila mpita njia alilinyooshea kidole. Watu wawili waliokuwa wameniahidi kazi jirani walituma salamu kwamba wameahirisha. Fundi alisema nipumzike kwanza hadi watu wasahau, na sauti yake iliniambia kwamba hawatasahau. Kazi ile ndiyo ya kwanza maishani niliyoipenda hata nikataka kukaa mahali. Sasa mahali penyewe palikuwa hapanitaki.

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nilimuaga mama wa Makupa, nikafunga mkoba, nikaenda Mwembe Tayari kutafuta basi. Lolote, la kwenda kokote. Utingo alikuwa akinivuta mkoba anipakie, akaniuliza ninakwenda wapi, nikakosa jibu. Na katika kukosa jibu likanijia swali. Mimi ninayetaka kujua kila njia inaishia wapi, mbona sikujiuliza jicho la kamera yangu linaishia wapi? Nilisimama upande wa lenzi tu. Sikuwahi kusimama nyuma ya lile pazia.

Nikamnyang'anya utingo mkoba wangu. Alinitukana kidogo, nikamsamehe.

Nikarudi Makupa, na usiku wa kuamkia siku ya pili nilibonyeza kila kitufe cha mashine ya kurekodi picha, ile niliyoiondoa dukani pamoja na kamera. Kiingereza chake kingi sikukielewa, lakini kubonyeza hakuhitaji cheti. Nikapata mahali ambapo unachora kiboksi cheusi juu ya sehemu ya picha, na sehemu ile haionekani tena wala hairekodiwi. Nikaruka kwa furaha. Asubuhi nikaenda kwenye nyumba ile, nikasimama mbali na pazia, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu. Sauti ya kike ikanikaribisha ndani.

Alikuwa Bi Mkubwa, mke wa yule mzee. Niliomba radhi nikiwa nimekaa sakafuni, kisha nikamwonyesha kwenye simu picha ya mlango wake, na ile sehemu nyeusi iliyoufunika. Mabinti wake wakasogea kutazama. Nikangoja sifa.

"Na hicho cheusi," akauliza, "mwenye kukitoa ni nani?"

"Ni mimi, Bi Mkubwa. Au mwenye duka."

"Basi si pazia hilo, mwanangu. Pazia, mwenye kulifungua ni mwenye nyumba."

Akanimiminia kahawa, akaniacha ninywe, halafu akaniuliza mwizi wa jirani yake aiba kwa kitu gani. Nikasema kwa mkono. Akauliza, "Na mkono wapita juu ya mlango? Wewe watazama njia yote hii ya nini?" Mabinti wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana alikuwa amenipa kazi yangu upya.

Nilimwomba Mama wa Leso anipe nafasi moja zaidi. Hakukubali mpaka Bi Mkubwa alipotuma neno. Safari hii sikushika drili kwanza. Nilishika kamera kwa mkono, nikaizungusha huku na huku ndani ya duka, na kila nilipopata pembe nzuri nilivuka kichochoro na simu, nikapiga hodi, nikawaonyesha mabibi inachokiona. Wakisema hapana, naanza upya. Kuta za matumbawe niliziacha; nilifunga kwenye boriti za dari, mikoko ya zamani migumu kama chuma, ambayo skrubu ikiingia haitoki. Kamera sasa zikawa mbili. Ya mlangoni niliifunga ndani, ikatazama kizingiti tu. Mwanzoni nyuso za waingiao zilitoka nyeusi kwa sababu ya mwanga wa nje nyuma yao. Nikaipindisha ikatazama upande, nyuso zikaonekana. Ya pili niliiweka chini, kwenye nguzo ya rafu, usawa wa meza, ikatazama mikono. Skrini nikaigeuzia kwa mwenye duka peke yake. Na tundu la ukutani nililiziba kwa chokaa, nikalisawazisha hata mimi mwenyewe nikatafuta lilikuwa wapi.

Halafu tukangoja.

Mnajua hakuna mwanamke wa hapa anayenunua leso bila kusoma maneno yake. Lazima aikunjue yote mezani, aisome, aicheke au aikunjie uso. Kulikuwa na mteja mmoja mstaarabu sana, msomaji mkubwa wa leso. Kila akija huikunjua vizuri, ikafunika meza pamoja na vichupa vilivyo pembeni. Kamera yangu ya zamani, ile ya juu, hata kama ingetazama ndani ingeona maua ya leso tu. Ya chini iliona mkono wenye bangili ukitambaa chini ya nguo kama kaa.

Mama wa Leso aliirudia picha ile hadi nikamwonea huruma. Mimi nilitaka twende kituoni. Yeye akasema, "Mimi nataka vichupa vyangu. Aibu yake sina pa kuiweka." Mteja alipokuja tena, akamwachia akunjue leso, kisha akamgeuzia skrini, yeye peke yake, bila neno. Yule bibi alitazama. Akaikunja leso kwa mikunjo yake ile ile ya mwanzo, akaaga, akaenda zake. Kesho yake kikaja kikapu: vichupa vyote, baadhi vimetumika nusu, na juu yake halua. Hajarudi, na kitu hakijapotea tena. Simtaji, nanyi msiniulize hapo nje.

Tangu siku ile sijakosa kazi, na fundi naye akaniita tena. Mzee wa mkabala mwenyewe aliniita, tukasalimiana kwa urefu wetu, akasema anataka kamera mlangoni pake, ya kutazama nje, ili Bi Mkubwa amjue apigaye hodi kabla ya kuitika. Nilimuuliza kama amewaonyesha majirani. Akacheka mpaka kofia ikamsogea.

Namshukuru fundi wangu, aliyenirudisha kwenye ngazi. Namshukuru mama wa Makupa na magunia yake. Namshukuru Mama wa Leso, aliyenipa nafasi juu ya tundu la ukuta wake. Na ninyi mnaotaka kamera, msianze na bei wala ukubwa wa picha. Anzeni kwa kujiuliza mnataka kuona nini hasa, kisha vukeni njia mkamuulize jirani anaonekana vipi. Kamera nayo ni mgeni. Ipige hodi.

Nilipomaliza kazi ya mzee, Bi Mkubwa aliniuliza nalala wapi. Nikamwambia. Akasema chini ya nyumba kuna chumba kimekaa kitupu tangu mwanawe aoe. Nilikuja alasiri na mkoba ule ule wa Voi. Kulikuwa na kitanda, na dirisha linalotazama kichochoro, na ufunguo mzito wa kizamani. Mlangoni alikuwa amesimama yeye mwenyewe, ananyoosha kitambaa kipya kwenye waya.

"Pazia hili ni lako," akaniambia. "Atakaye kuingia, apige hodi."

Nikaweka mkoba chini. Kwa mara ya kwanza niliufungua, nikatoa kila kitu.