Presha ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi redio. Wakikaa watatu, wa nne hukaa nusu. Sheria yake ni moja: kitu kikifika kwenye benchi ni cha benchi. Gazeti likinunuliwa na mmoja husomwa na wote, na kiberiti hakiulizwi mwenyewe. Hivyo hospitali ilipompa fundi mashine ya kupimia presha akae nayo nyumbani wiki moja, haikuchukua muda ikahamia kibandani, na kutoka kibandani ikahamia benchi. Jioni hii ilikuwa ya mwisho. Kesho asubuhi ingerudi kwa daktari, na fundi alikuwa na swali lililomnyima usingizi.

— Rudia alivyosema daktari, alisema Geti. Neno kwa neno.

Geti alilinda geti la hospitali mpaka akastaafu. Tangu hapo anatibu watu kwa mdomo.

— Kasema dawa aina tatu nameza na presha haishuki, alisema fundi. Basi kuna kitu wanafanya. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, unapanda hadi kwenye figo, halafu wanaunguza vile vineva, vimishipa vya fahamu, vinavyopandisha presha.

— Pajani, alisema Wakili. Wahenga walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakili anauza matairi ya mtumba. Sheria hajasoma, ila kesi ya hapo benchi hajawahi kushindwa.

— Ukishaunguzwa unapona? aliuliza Geti.

— Hapo ndipo penye kazi. Wengine inashuka, wengine inabaki palepale. Nikamuuliza, mimi niko kundi gani? Akasema kabla ya kufanya hakuna anayejua kwa hakika. Nipime kwanza nyumbani, asubuhi na jioni. Wakikuta iko juu hata nikiwa nimetulia, watanifikiria.

Fundi aliyasema haya akijikanda mkono wa kulia. Baba yake alipooza upande huo akiwa na umri huu huu, na mkono huo ndio unaoshika chuma cha kuchomea waya. Alitaka mtu amwambie ndiyo au hapana. Daktari alishindwa. Benchi halijawahi kushindwa.

— Huyo daktari bado mchanga, alisema Geti. Mimi wagonjwa nilikuwa nawajua tangu getini. Anayeingia akanisalimia, anatoka kwa miguu yake. Anayenipita kama nguzo, habari zake nazisikia baadaye. Wewe mlinzi unamsalimia?

— Namsalimia kila mtu.

— Basi nenda kaunguzwe.

— Salamu haishushi presha, alisema Birika, muuza kahawa, ambaye ndiye hukaa nusu. Tazama urefu. Mtu mfupi mishipa yake mifupi, moto unafika upesi. Huyu mrefu, moto utapoa njiani.

— Maneno ya mtu anayebeba makaa, alisema Geti.

— Si ndiyo maana najua.

Wakili aliivuta mashine, akajifunga kile kitambaa juu ya kiwiko, akabonyeza. Ikaanza kunguruma.

— Wote mmekosea. Presha haikai kwenye figo, inakaa kwa wakwe. Damu ni nzito kuliko maji, sawa? Sasa damu nzito hivyo, isukumwe na ukoo wa watu wengine, itaacha kupanda? Fundi, mashemeji zako wangapi?

— Saba.

— Hata wakiziunguza figo zikawa mkaa, bado.

— Usiongee ukipimwa, fundi alimwambia. Mtu anatakiwa akae kimya, aegemee, asiwe anakunywa kahawa.

Wakili alikimaliza kikombe mara moja ili asiwe anakunywa. Kisha kitambaa kikaenda kwa Geti, kama kila jioni.

— Mimi nina jambo jingine, alisema Birika taratibu. Hivyo vineva, ndivyo vya hasira pia?

— Ndivyo hivyo hivyo, alisema Geti, ambaye hakujua.

— Basi hiyo kazi inamfaa mtu asiye na marafiki. Fundi akirudi hapa mpole, ukimwambia redio za zamani zilikuwa takataka anasema ndiyo, si tutakuwa tumezika mtu mzima mzima?

Wote walimgeukia fundi.

— Nitabisha tu, alisema fundi.

— Kwa neva gani?

— Akikosa, nitambishia mimi, alisema Wakili. Kila asubuhi, mpaka zimwotee nyingine.

Fundi aliangalia pembeni. Wateja humuuliza kila siku, hii itasema? Naye hujibu, iache, tutaona. Hakuwahi kufikiri jibu hilo lina uzito gani kwa anayeondoka nalo.

Ndipo akatokea mkewe, ambaye huwa hakanyagi hapo. Geti alisimama haraka, kitambaa bado kinaning'inia mkononi.

— Karibu, shemeji. Kaa.

— Sikai. Nimefuata mashine niifunge, kesho tusikimbizane.

Aliipokea, akabonyeza kitufe alichoonyeshwa na nesi, namba za wiki nzima zikaanza kurudi moja moja.

— Jana jioni, mia moja hamsini na nane. Hapo hapo, mia moja ishirini na mbili. Hapo hapo tena, mia moja arobaini. Baba watoto, presha yako inarukaruka, inacheza rede?

Fundi alijikuna shingo.

— Tulipima wote, shemeji, alisema Geti. Fundi si mchoyo.

— Kwa hiyo kesho daktari atasoma presha ya benchi.

— Nitamwambia ukweli, alisema fundi. Niombe wiki nyingine, nipimie chumbani.

Mkewe aliendelea kubonyeza, halafu kidole kikasimama.

— Na hii ya juzi? Mia mbili na kumi na mbili, kwa mia moja na ishirini. Ya nani?

Fundi alisogea akaitazama. Juzi alikuwa ndani na mteja. Alikumbuka kuwasikia wakicheka nje, kwamba mashine imewehuka.

— Si yangu, alisema.

Wakili alimtazama Geti. Geti alimtazama Birika.

— Tulidhani ni betri, alisema Wakili.

— Betri mpya, alisema shemeji. Nilinunua mimi. Mkono ulikuwa wa nani?

Hakuna aliyekumbuka. Wakili alinyoosha kikombe chake bila kutazama.

— Kahawa imekwisha, alisema Birika, akaliweka birika chini ya benchi kwa mikono miwili, kwa jinsi lilivyokuwa bado zito.

Fundi alitoa kiti chake kibandani, akakiegemeza ukutani.

— Geti, anza wewe, alisema. Kaa hapa. Usiseme kitu.

Geti akakaa, akakunja mkono wa shati. Shemeji akambonyezea.