Nilijenga Nyumba kwa Sababu ya Kipimo cha Ini

Ndugu zangu, dada zangu, wazee wetu, nawasalimu kwa upendo. Mnaniona nimepungua, na najua wengine wenu mmekuwa mkiulizana pembeni kama kuna shida kwangu. Hakuna shida. Nina mke. Ngojeni niwaambie.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibomet, Kitale, nakaa kwenye cherehani kutoka asubuhi mpaka jua linatua. Chai yangu ilikuwa ya sukari nyingi, mandazi kando, soda mchana, na tumbo likawa linanitangulia kila mahali. Nilijivunia hilo tumbo, bana. Si huku kwetu mtu akinenepa tunasema mambo yake ni mazuri?

Basi wakaja watu wa afya hapa nje ya kanisa wakipima watu bure. Nilikuwa nimetoka tu kunywa chai, nikaingia kwenye foleni kwa sababu wengine waliingia. Majibu yalipotoka, mhudumu alikuwa na haraka. Akaniambia, "Mzee, kipimo cha ini kimepanda kidogo, na kolestroli, haya mafuta ya kwenye damu, pia imepanda kidogo. Uone daktari."

Nawaambia ukweli, hilo neno "kidogo" halikuingia masikioni mwangu. Nilisikia "ini" peke yake. Baba yangu alikufa tumbo likiwa limevimba, na watu wakasema ni ini. Nikajua zamu yangu imefika.

Halafu kulikuwa na aibu. Mtu akisikia ini ni gonjwa, anafikiria nini? Pombe! Mimi ambaye sijawahi kuonja hata busaa ya sherehe ya tohara, mimi ambaye mnanituma kuombea walevi, ningemwambia nani? Hata mke wangu sikumwambia. Nikakunja ile karatasi nikaitia kwenye koti.

Sasa sikieni nilichofanya badala ya kuona daktari. Sisi watu wa Bungoma tunajuana. Mwanaume akifa na hana nyumba kwao, ukoo mzima unainamisha kichwa. Jeneza litalazwa wapi? Kwa ndugu? Na mimi, maisha yangu yote ya ukubwa nimekaa Kitale, kwetu Myanga sikuwa hata na kibanda. Basi nikafunga cherehani, nikamwambia mke wangu naenda kujenga kanyumba ka kupumzikia, nikaenda. Nilipopita Misikhu nikanunua dawa chungu ya miti shamba. Muuzaji aliniapia kwamba inaosha ini mpaka linang'aa.

Ndugu yangu mkubwa alifurahi sana kuniona. "Hatimaye umekumbuka nyumbani!" Tukasimamisha miti, tukakanda matope, mabati yakapanda juu. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa, na asubuhi na jioni nikinywa dawa yangu mpaka nikaanza kuchukia chakula. Tulipofika kwenye mlango nikamwambia fundi aufanye mpana. Akacheka. "Mzee, hii nyumba ni ya chumba kimoja. Unataka kuegesha trekta?" Nikamwambia afanye vile nimesema.

Siku mlango unapigwa misumari, mke wangu akatokea na kikapu cha chakula. Hakuwa amesema anakuja. Akazunguka nyumba akiisifu, akarudi mbele. Akasimama pale kwenye mlango, akanyoosha mikono huku na huku.

"Baba watoto, mlango wote huu ni wa nini?"

"Ni wa hewa."

"Hewa gani iko na mabega mapana hivi?"

Ndugu zangu, nililia. Fundi akaacha nyundo, ati anaenda kutafuta maji. Nikamwambia mke wangu yote, kwamba mlango ni wa kupitisha jeneza langu, nikampa karatasi. Nilingoja alie pamoja nami, au anitukane. Akaisoma polepole, akaweka kidole mahali.

"Hapa wanasema umepita kidogo. Uliuliza kidogo ni kiasi gani?"

"Sikuuliza."

"Yaani unatuacha, na hata hujauliza?"

Alikuwa amekasirika kweli. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa yangu, akaitia kwenye kikapu. "Vaa viatu. Na hii pia inaenda."

Tukaenda kwa daktari pale Bungoma mjini. Mimi nikaketi kama mshtakiwa, jambo la kwanza nikasema, "Daktari, mimi sinywi pombe." Akatabasamu. "Sijasema unakunywa. Pombe ni sababu moja tu, ziko nyingi." Akatueleza kwamba ini likiumia, linavujisha vitu fulani kwenye damu, na hivyo ndivyo vinavyopimwa. Vyangu vilikuwa vimepita mpaka, lakini si kwa mbali. Kipimo hicho peke yake hakisemi mtu anakufa. Kinasema kuna kitu kinasumbua ini, kitafutwe.

Nami ningeitikia tu niende nyumbani. Lakini mke wangu akauliza. Mafuta ya damu je? Daktari akataka kujua kama nilipimwa nikiwa nimekula. Mke wangu akamtajia mandazi, soda, sukari, hakuacha kitu! Akaambiwa kwamba kuna mafuta yanayopanda mtu akishakula, na kwamba tumbo kama langu mara nyingi linaenda pamoja na mafuta kujaa kwenye ini. Kisha akatoa ile chupa kwenye kikapu. Daktari akainusa, akaacha kutabasamu. "Mama, umefanya vizuri sana kuileta."

Wakanipima tena. Homa ya ini haikuonekana, Mungu ni mwema. Lakini kile kipimo cha ini kilikuwa kimepanda zaidi ya mara ya kwanza. Daktari akaniambia huenda ni hiyo dawa ya kuosha, niiache siku hiyo hiyo, nipunguze tumbo, nirudi baada ya miezi mitatu, asubuhi, kabla sijakula.

Ndugu zangu, mmewahi kuona mtu akipigania uhai wako bila kelele? Sukari ilitoka mezani kwa watu wote, si kwangu tu, ili nisikae kama mgonjwa. Mboga za mrenda na kunde zikarudi, mafuta ya kupikia akaanza kuyapima kwa kijiko. Alfajiri ananiamsha tunatembea mpaka nje ya mji, naye ana kazi zake zinamngoja. Majirani walimcheka kwamba anamfukuza mzee barabarani. Hakuwajibu, na siri yangu hakumwambia mtu. Nikitazama nyuma naona sijawahi kumjua vizuri mwanamke niliyeishi naye.

Tuliporudi kwa daktari, kipimo cha ini kilikuwa kimeshuka mpaka mahali pake. Mafuta bado yamezidi kidogo, na safari hii hilo neno nimelisikia vizuri. Nitaendelea kupimwa. Ile nyumba ya Myanga, ndugu yangu anaweka mahindi ndani.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyekuwa na subira. Nanyi nawaomba: ukipewa majibu usiyoyaelewa, usiende nayo peke yako. Nenda na mtu anayekupenda kiasi cha kuuliza maswali wewe unayoyaogopa.

Wangu ameketi pale nyuma. Mama watoto, simama wakuone... Amekataa, mnamwona anavyotikisa kichwa. Basi nawaomba nyinyi nyote msimame, kwa ajili yake.