Kilichotoka Uani

Risala ya akina mama wa kikundi cha Ukili Mmoja, Bodo, siku ya kufunga mafunzo ya mitandao ya kijamii. Imesomwa na katibu, Bi. Twaiba.

Mgeni rasmi, Bi. Jemima, mkurugenzi wa shirika la Fukwe Zetu. Mwalimu wetu Swabir. Akina mama wenzetu: Assalamu alaykum.

KARIBU BODO

Barabara yetu sasa unaijua, umeipitia mwenyewe. Umekuja hata hivyo, na tumefurahi. Waume zetu wametuachia uwanja kwa leo, kwa hivyo tutasema bila ya kuumauma maneno.

TULIKOTOKA

Sisi ni wasusi wa ukili, tunaoushona kuwa mikeka na vikapu. Miaka yote tuliwauzia wachuuzi wa Diani, wakatupa walichotaka. Shirika lako likatuletea Swabir atufundishe kuuza wenyewe kwa simu. Siku ya kwanza alituuliza nani yumo mtandaoni, tukajibu hakuna. Kumbe sote tuna WhatsApp. Tulidhani ni simu tu. Alicheka, masikini, mpaka akaomba maji.

TULICHOJIFUNZA

Leo mitandao tunaijua mmoja mmoja. WhatsApp ni ya kuzungumza na unaowajua, na wateja wetu tunawajibu huko. Facebook ni ya ukoo na majirani, na majirani wa majirani, hata nusu yao hatuwafahamu. Mikeka ya kuswalia huuzika sana huko. Instagram ni ya picha, na wageni wa mahoteli hupendea vikapu humo. YouTube ni ya video ndefu, nasi tumeweka moja ya kutia ukili rangi. X tuliichungulia tukatoka, maana wa mule wanagombana tangu asubuhi. TikTok ni ya video fupi, na anayekutazama si lazima akujue. Mtandao wenyewe humpelekea.

Swabir alitufupishia: WhatsApp ni uani, TikTok ni barabarani. Laiti tungalianza na somo hilo.

YALIYOTUUMIZA

Mgeni rasmi, harusi zetu zina siku ya wanawake. Bibi harusi hutolewa uani, kichwa wazi, hina mikononi, nasi tukacheza kwa raha zetu. Mwanamume hapiti, na simu hukusanywa mlangoni ndani ya kikapu. Siku ya Salwa, mdogo wetu kuliko wote kikundini, tuliruhusu simu moja iingie, ya shangazi yake, Hanifa. Dada yake Salwa yuko kazini Maskati, na alilia kwa kuikosa siku ile.

Hanifa akarekodi. Na kwa kuwa dada mtu humtumia video za TikTok kila mara, Hanifa aliona huko ndiko aliko, akamwekea huko. Alidhani anayewekewa ndiye anayeona.

Tulijua tulipowakuta wanaume dukani wakiitazama. Hanifa aliifuta siku hiyo hiyo, lakini watu walikwisha kuinakili. Swabir aliwaandikia wenye kurasa, mmoja baada ya mwingine, wakatuelewa, wakaiondoa. Mume wa Salwa hakumlaumu, Mungu ambariki. Lakini Salwa mwenyewe haya zimemshika, akawa hatoki nyumbani, ukili wake umelala pale pale alipouacha. Inatuuma, kwa sababu ile simu tuliiruhusu sisi.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: simu nyingine, bando, mafunzo ya pili. Tumeyafuta. Tumebakisha moja.

Video ile sasa imebaki kwenye ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ni wa shirika lako, chini ya maneno "Utamaduni wetu, fahari yetu". Tunajua mliiweka kwa mapenzi, na wengi wameisifu. Tuliwaandikia, tukajibiwa kwamba ujumbe umepokelewa. Pengine haukukufikia wewe. Ndiyo maana leo tunakusomea.

Salwa amekuja. Yuko mkeka wa nyuma, karibu na ukuta, amejifunika uso. Tulimbembeleza sana mpaka akakubali, tukamwambia mgeni wetu ni mwanamke mwenzetu, akisikia ataelewa.

Utuwie radhi, tukimaliza hapa hatutapiga vigelegele kwanza. Tutanyamaza kidogo, upate kushika simu yako.

Mwenyezi Mungu akusitiri wewe na wanao, na amsitiri mwanetu.

Ni sisi,
Akina mama wa Ukili Mmoja, Bodo.