Siku Mama Usingizi Alipokuwa na Pamba Mdomoni

Nani kati yenu alimnywesha yule mtoto dawa? Msitazamane. Nimepewa nafasi ya kusoma historia ya marehemu mama yetu, na nitaisoma yote kama ilivyo ada, ila swali nimelitanguliza kwa sababu nawajua, historia ya marehemu ikifika kwenye masuala ya shule wengi wenu huanza kusinzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, akakaa peke yake miaka saba hadi alipozaliwa mama mdogo, huyu aliyeketi mstari wa mbele na miwani myeusi, ambaye alilia tangu siku ya kwanza kana kwamba ameletwa nyumba isiyo yake. Bibi, yaani mama yao, alikuwa kiwandani mchana kutwa, kwa hiyo aliyembeba mtoto mgongoni ni marehemu, na hapo ndipo alipoanza kuimba nyimbo za kubembeleza alizozipata kwa bibi, ambaye naye alizipata kwa mama yake, na mtu wa kwanza duniani kulala kwa sauti ya marehemu ni mama mdogo.

Marehemu alianza shule mwaka 1962, akaondolewa mwaka 1967 akiwa darasa la sita, si kwa kufeli, maana alikuwa wa pili darasani, bali kwa sababu bibi alishikwa na kifua, nyumba ikahitaji mikono, na mama mdogo ndiyo kwanza alikuwa amepata sare. Mama mdogo alisoma hadi chuo cha ualimu, akapata cheti, kile kilichotundikwa ofisini kwake ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu, na cheti hicho tutakirudia.

Tarehe 8 Mei 1976 marehemu aliolewa na fundi seremala, baba yetu, akatuzaa mimi na mdogo wangu wa kiume, katika nyumba iliyokuwa pia na mama mkwe wake. Nilipofika chuo kikuu mhadhiri mmoja alitueleza saa nzima kwamba nyimbo za kubembeleza watoto ni hazina ya utamaduni, nikacheka, maana nyumbani kwetu zilikuwa gazeti. Marehemu akimlaza mdogo wangu aliimba, "Lala mwanangu lala, nyama imeliwa na nani, mimi sijaonja, na wewe huna meno," na bibi mzaa baba alijibu kutoka uani, "Mwambie hata bibi yake hana!" Aliyeimbiwa alilala, aliyesemwa alisikia, na hakuna aliyethubutu kugombana na mtu anayembembeleza mtoto.

Baba alifariki tarehe 3 Februari 1987, na mwanzoni mwa mwaka 1989 mama mdogo alifungua kituo cha kulelea watoto, akamwita dada yake. Chumba cha kulala kilikuwa kirefu, cha bati, chenye joto, mikeka ukuta hadi ukuta, na marehemu alikaa katikati kwenye kigoda, akimwimbia kila mtoto ubeti wake mwenyewe, wa mtoto wa dereva asiyerudi nyumbani mapema, wa mtoto wa muuguzi anayenuka dawa ya sakafu, kila mmoja akisikia mambo ya kwao yakisemwa taratibu bila kufichwa, na nadhani ndicho kilichowalaza, kwamba hatimaye mtu mzima mmoja hakuwadanganya. Wazazi wakamwita Mama Usingizi, mama mdogo akaandika kwenye kibao cha nje, "Mtoto wako atalala," na tatizo likawa moja tu, kwamba kwa mtu mwingine hawakulala.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 2005, marehemu hakwenda kazini asubuhi, alikwenda kung'olewa gego lililomvimbisha shavu kama aliyeficha ndimu. Kituoni saa ya kulala ikafika, na wakaguzi walikuwa njiani, mama mdogo akajaribu kuimba mwenyewe, watoto wakamtazama kama abiria wanaomtazama dereva asiyejua njia, kisha chumba kizima kikaangua kilio. Mtu akafungua kabati, akatoa sirapu ya mafua, ile inayolewesha, akaitia kwenye vikombe vya maziwa. Marehemu alipofika, na pamba mdomoni, alikuta watoto wote wamelala, akaambiwa akae tu kigodani wageni wamwone, akakaa, wageni wakasifu, wakaondoka.

Jioni mtoto wa fundi cherehani hakuamka. Alipigwa maji ya uso, alitikiswa, hakuamka. Fundi cherehani, ambaye namwona pale nyuma na namshukuru kwa kuja, alimshika marehemu kifuani akamuuliza, "Umempa nini mwanangu?" na marehemu, ganzi ikiwa imemshika hadi ulimini, akafungua mdomo, ikatoka damu na mate bila neno hata moja, na watu wakasema, mnaona, hana la kujibu. Mtoto alizinduka hospitali kesho yake, leo ni kinyozi, mzima kabisa, ila kesi ilikwisha kuamuliwa pale mlangoni. Ikasemwa kwamba hakuna binadamu anayewalaza watoto wa watu kwa mdomo mtupu, kwamba miaka yote ile ilikuwa sirapu.

Ganzi ilipoisha marehemu alitaka kusema, lakini mama mdogo alimfuata nyumbani, akapiga magoti jikoni, akamwambia, "Dada, mimi nina cheti na nina kibali, wewe huna cha kunyang'anywa, nyamaza mambo yapoe." Mambo hayakupoa miaka kumi na tisa. Mimi nilifichwa haya, niliyasikia kwa marehemu mwenyewe wodini mwezi uliopita, akiyasema kwa kifupi kama mtu anayeagiza chumvi.

Kuanzia mwaka huo marehemu alipiga pasi kwa dobi, kimya, na hakuimba tena. Jina likawa Mama Sirapu. Kituo kilimfukuza yeye, nyimbo zake zikabakizwa, zinaimbwa mpaka leo. Mjukuu wake alipozaliwa, wifi yangu alimwambia kwa adabu zote, "Mama, mwache alie tu, atalala mwenyewe," na bibi mtu akawa anakaa amekalia mikono yake, hadi siku moja akiwa jikoni akajisahau, akavumisha wimbo puani kidogo, mtoto chumbani akanyamaza, na wifi akakimbia kwenda kumnusa mwanawe mdomo. Mdogo wangu, ulikuwepo, ulikuwa unatazama mpira.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwaka jana, ikagundulika ni moyo, akalazwa, akafariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, akiwa ameacha agizo moja tu, kwamba asizikwe na jina la Mama Sirapu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomgeuza na kumsafisha bila kumuuliza zamani alikuwa nani. Tunamshukuru dobi, aliyempa pasi wakati hakuna aliyempa mtoto. Tunawashukuru majirani kwa viti, na kwa lile jina, ambalo watoto wenu walilirukia kamba. Tunamshukuru mpishi wa kituo, ambaye nilipomfuata aliniambia, "Mwanangu, mimi niliona kijiko, sikuona mkono." Tunamshukuru mama mdogo kwa jeneza, na kwa kuwaleta watoto wa kituo, ambao ratiba inasema sasa watamwimbia marehemu wimbo wake wa kumlaza. Hawataimba. Watoto, kaeni, si kosa lenu. Mwisho wa karatasi hii yapo maneno ya kumtakia mama mapumziko mema, nami siwezi kuyasoma, maana atapumzikaje na mzigo wa mtu mwingine kifuani?

Mama mdogo, umesimama. Mpeni kipaza sauti.

"Mwanangu, makosa yalifanyika, tulikuwa na wageni..."

Yalifanywa na nani?

"Si mahali pake hapa, mwanangu."

Mahali pake ni wapi? Huyu anakwenda chini jioni hii. Vua miwani, mama, walio nyuma hawakuoni.

"Mimi."

Hawasikii.

"Nilitia mimi! Dada alikuwa hata hajafika. Niliwaimbia, nikawaimbia nyimbo zake zote, hakuna hata mmoja aliyefumba jicho."