Mhusika: Wadau Wote

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya mradi wetu wa maji, Mzee Ndesanjo, shikamoo. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, Injinia Allen, meneja wa mradi na bosi wangu mpaka saa kumi jioni ya leo, viongozi wa dini, watumishi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na hasa akina mama mliotoka Akheri na madumu yenu mkidhani leo kuna bomba linafunguliwa, poleni sana, leo anaagwa karani tu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mshereheshaji amenipa dakika tano na amenionya nisichokoze watu. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ya karani nikiandika mihutasari ya vikao vyenu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia, Maulida, na wewe sema. Kwa hiyo hizi tano nitazitumia zote, na zikizidi mtanivumilia. Barua ya kustaafu ninayo kwenye mkoba, imeshapigwa muhuri, na muhuri nimeupiga mwenyewe.

Injinia amesimama hapa akasema mimi ni hazina ya ofisi. Nashukuru, ingawa kwa miaka yote hii hazina imekalia kiti chenye miguu mitatu na tofali. Lakini sifa zisiwe zangu peke yangu. Leo nataka niisifu kamati nzima ya mradi kwa kazi moja tuliyoifanya mwezi wa kwanza mwaka huu, kazi ambayo nadhani hakuna mradi mwingine chini ya Mlima Meru ulioifanya kwa ustadi kama wetu. Nazungumzia jedwali la vihatarishi.

Kwa wasiolijua, hilo ni faili moja la ekseli, jepesi kabisa. Aliletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, akatuweka siku mbili ukumbini, tukala sambusa, akatufundisha kwamba kila jambo linaloweza kuharibu mradi liandikiwe mstari wake: ni jambo gani, tutalizuiaje, mhusika ni nani, na mwisho ni lini. Kila Ijumaa faili lifunguliwe, na aliyepitwa na tarehe aulizwe. Akarudia mara tatu, maskini, kwamba mhusika awe mtu mmoja mwenye jina, na tarehe iwe ile ya kwenye kalenda. Tukaitikia kwa vichwa. Tukapiga picha ya pamoja. Alipopanda tu basi, tukalijaza tunavyojua sisi.

Mistari ishirini na mitatu. Nani atafuatilia kibali cha kupitisha bomba kwenye mashamba ya watu? Wadau wote. Nani atahakikisha saruji haichelewi? Wadau wote. Mwisho lini? Endelevu. Kila mstari ulipofika, watu waliangalia simu zao kana kwamba wamepigiwa wote kwa pamoja, mpaka mmoja aseme wadau wote, na hapo makofi. Jamani, huyu Wadau Wote ni mtumishi wa namna gani? Ana majukumu ishirini na matatu, hajawahi kuomba likizo, hajawahi kuonekana kazini, na mimi ninayetunza mafaili ya watumishi sijawahi kuliona faili lake. Nilitamani nistaafu nikiwa nimeshamsalimia.

Na rangi je? Tulifundishwa kwamba mstari wenye hatari kubwa upakwe nyekundu. Injinia akaona nyekundu inatisha wageni, akaniambia nipake njano. Wafadhili walipokaribia kuja, njano nayo ikaonekana ina kiburi, nikaambiwa nipake kijani. Wageni wakafika, wakakuta jedwali la kijani kibichi kama shamba la mahindi la mwezi wa nne, wakatupongeza. Mwenye kupongezwa zaidi alikuwa anajua vizuri kilichoko chini ya ile rangi.

Sasa niwaeleze mstari wa nne, maana huo ndio ulionisimamisha hapa.

Mstari wa nne ulisema hivi: masika yatachukua bomba pale korongoni kama nguzo za zege hazijajengwa. Aliyeuleta ni fundi wetu wa laini, Lemburis, yule amekaa pale nyuma karibu na masufuria, nimemwalika mimi mwenyewe. Fundi Lemburis analijua lile korongo kwa miaka kumi na tisa. Hakutaka wadau wote. Alisimama kikaoni akasema, na nilimwandika neno kwa neno: "Andikeni jina langu. Mnipe saruji na vibarua wanne, tarehe kumi mwezi wa tatu nguzo zimesimama."

Mnakumbuka alijibiwa nini? Alijibiwa kwamba mstari wa mradi haushikwi na fundi, hana ngazi hiyo. Akaambiwa akae. Wadau wote, endelevu, makofi. Ijumaa nne mfululizo alikuja mezani kwangu na buti za matope kuuliza mstari wa nne umefikia wapi, na Ijumaa nne nilimwambia upo kwa wakubwa. Saruji haikutoka, vibarua hawakutoka.

Tarehe sita mwezi wa nne, Jumapili, watu wakiwa ibadani, korongo likashuka likachukua mita themanini na nne za bomba. Akina mama hawa wako wiki ya sita sasa wanachota kwenye mfereji mmoja na ng'ombe. Tulitegemea hapo Wadau Wote angeitwa ajieleze. Hakuitwa. Aliyeandikiwa barua ni Fundi Lemburis. Amesimamishwa kazi kwa uzembe, anatakiwa kueleza kwa nini hakutekeleza mstari wa nne, na Jumatatu hii Bodi inakaa kuamua kama anafukuzwa.

Mimi ndiye niliyeichapa ile barua, na nikashangaa sana. Kumbe kuandika jina la mtu mmoja tunaweza! Kumbe tarehe ya kwenye kalenda tunaijua! Fundi ambaye mwezi wa kwanza hakuwa na ngazi ya kushika mstari, mwezi wa nne ngazi amepata, amepandishwa cheo na mafuriko. Injinia, usiangalie saa, nakaribia kumaliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Jumatatu utawekewa mezani jedwali ambalo mstari wa nne unasomeka: mhusika, Lemburis, mwisho, tarehe kumi Machi. Utaliamini, kwa sababu limetoka kwenye kompyuta ya ofisi. Nami nakwambia mbele ya watu hawa kwamba mstari huo ulibadilishwa Jumanne, siku mbili baada ya bomba kuondoka. Nilipigiwa simu na meneja nikaambiwa, "Maulida, rekebisha pale, jina lake liingie." Nikalirekebisha. Haikuchukua hata dakika moja. Sikuuliza, sikubisha, nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki nistaafu na nikaogopa karatasi zangu zisije zikakwama kwenye meza ya mtu. Nimeona haya kila siku tangu siku ile. Ninayewacheka ninyi hapa kwa rangi na makofi ndiye huyu huyu aliyeshika kipanya.

Fundi Lemburis, nimekujua tangu ulipoanza kazi, ukanichimbia kaburi la mama yangu bila kuombwa, na mimi nikaweka jina lako pale. Nisamehe, ndugu yangu. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Mheshimiwa, nakala ya jedwali la mwezi wa kwanza, kabla halijaguswa, hii hapa. Ina saini za wajumbe kumi na mmoja wa kamati, na ya Injinia ndiyo ya kwanza, kubwa kuliko zote. Nakukabidhi wewe mkononi, sio sekretarieti. Naomba upokee wakati watu wanaona. Asante, Mzee wangu.

Leo asubuhi, kabla sijakabidhi kompyuta, nimelifungua lile faili kwa mara ya mwisho nikaongeza mstari wa ishirini na nne. Nausoma kama ulivyo. Kihatarishi: Lemburis kufukuzwa Jumatatu kwa jedwali lililobadilishwa. Hatua ya kuzuia: kusema kilichofanyika, mbele ya Bodi na watumia maji. Mhusika: Maulida Athumani, karani. Mwisho: leo.

Nimetekeleza. Kwenu nyote mlionipa masikio yenu, hata mlionipa kwa shingo upande, asanteni.