Kuku wa Kanyiva Anavuka Mpaka

Basi la kutoka mji wa Wote lilikuwa nusu tupu, na jua la dirishani lilitusinzisha sote, hata kuku aliyekuwa kwenye kikapu cha mama mmoja mbele yangu. Mama huyo, Kanyiva, alikuwa anampeleka kuku huyo kwa binti yake aliyejifungua upande wa Tanzania, apikiwe supu. "Mara ya mwisho kuku wangu alirudishwa mpakani," alimwambia jirani yake wa kiti, mwalimu Evanson. "Eti hana cheti."

"Mwaitu, mama yangu, hayo yataisha," mwalimu akasema, macho yake yakielea huko vilimani. "Afrika Mashariki itakuwa nchi moja. Bunge moja, soko moja, rais mmoja. Mpakani patabaki nyasi tu."

Nikafumba macho nikaziona hizo nyasi. Zilikuwa ndefu.

"Lini? Mtoto ana siku nne."

"Polepole. Wakubwa bado wanakutana."

"Na wakikutana wanakula nini?"

Mwalimu akafikiri kwa uaminifu. "Kuku."

"Wewe pia unavuka leo?"

"Ndiyo, mwaitu."

Kanyiva akamwekea kikapu mapajani. "Basi tangulia naye wewe unayeiona hiyo nchi. Mimi nitafuata nyuma."

Basi likasimama Emali, mpaka ukiwa bado mbali. Tulishuka wote, hata Kanyiva, isipokuwa mwalimu na kuku.