Mama Emerensiana na Salamu za Luegu Jazz

Ndugu, jamaa na majirani, leo Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, tumekusanyika hapa Matogoro kumsindikiza mama yetu, Emerensiana Thadei Ngonyani. Wasifu huu umeandikwa na binti yake Hilda, na unasomwa na mwanawe George. Hilda ameomba lisirukwe neno hata moja, hata pale ambapo msomaji mwenyewe angependa kuruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Litola, Namtumbo, mtoto wa tatu wa Mzee Thadei Ngonyani na Mama Ekaristia, wakulima wa tumbaku na mahindi. Siku hiyo baba yake alikuwa kwenye bani akichochea moto wa kukaushia tumbaku. Alimpokea mwanawe mikono ikiwa bado inanuka moshi, na bibi yake alimtania miaka yote kwamba harufu ile haikumtoka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Litola na kumaliza darasa la saba mwaka 1967, kisha akafundishwa ukarani na masista. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi moja ya serikali mjini Songea, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2007. Watu aliwajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura. Wenzake wa kazini bado wanasimulia habari za karani mmoja aliyepiga simu kuomba ruhusa kwa kuwa amefiwa na mama. Marehemu akamjibu, "Pole sana, baba. Lakini huyo ninayemsikia akikuita ukale, si ndiye mama mwenyewe?"

Jumapili mchana vijana wa enzi hizo walikuwa na bugi, yaani dansi la mchana, katika ukumbi mmoja wa Mfaranyaki. Bendi yao ilikuwa Luegu Jazz, na mwimbaji wake alikuwa Bashiru, kijana wa Namtumbo mwenye sauti nyembamba iliyopenya mpaka barabarani. Bashiru alikuwa na desturi moja. Gita likishachemka, alisalimia watu mmoja mmoja kutoka jukwaani, akiwataja kwa majina: "Nakuona, fulani, nakuona!" Aliyetajwa alitembea wiki nzima kifua mbele. Hapo ndipo marehemu alipokutana na Romwaldi Mbawala, dereva wa lori wa Bombambili, na hapo ndipo alipofanya urafiki na Sabra, mshona nguo, ambaye hawakuachana tena. Marehemu na Romwaldi walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975. Padre alipomuuliza bibi harusi kama ataacha dansi, alijibu kwamba ataacha siku miguu itakapomwacha yeye.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Mzee Romwaldi alifariki mwaka 2011. Luegu Jazz yenyewe ilikuwa imekwisha kusambaratika zamani. Wengine walirudi mashambani, wengine walitangulia mbele ya haki.

Mwezi Agosti mwaka jana gari la matangazo lilipita Bombambili likinadi bugi la zilipendwa: Luegu Jazz inarudi, ukumbi ule ule. Marehemu alitoa kitenge sandukuni, akamwambia Hilda amsindikize. Waliopanda jukwaani walikuwa wazee wachache, mpiga besi amekaa kwenye kiti, na Bashiru akishikwa mkono kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu. Lakini alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ile ile. Hilda anasema ilimsisimua vibaya, kama kusikia kijana akiongea kutoka ndani ya mzee.

Gita likachemka. Bashiru akaanza kusalimia. "Nakuona, Daimu, nakuona!" Watu wakacheka, maana Daimu alikwisha kuzikwa. "Chande wa Lizaboni, nakuona!" Chande naye ni marehemu. Kicheko kikapungua. Kisha mzee akageuza uso upande waliokaa Hilda na mama yake, akasema kwa upole, "Romwaldi, nakuona. Umesimama pembeni ya mkeo, kaa basi."

Marehemu aliunyanyua mkoba wake kutoka kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando yake, akauweka mapajani.

Njiani Hilda alisema, "Mama, yule mzee kumbukumbu zimemwisha."

"Labda," marehemu akajibu. "Lakini baba yako hakupenda kusimama."

Bugi la pili lilikuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili mwaka huu. Sabra hakwenda, goti lilimsumbua. Alibaki kwake hapa Matogoro akichambua maharage barazani. Katikati ya wimbo Bashiru akaita, "Sabra, nakuona! Karibu, umechelewa!" Marehemu alishika mkono wa Hilda, akasema, "Twende." Hawakufika hata kituo cha bodaboda kabla simu haijalia. Sabra alikuwa ameinamia ungo wa maharage, wala hakuinuka tena. Tulimzika kesho yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tangu hapo Hilda hakutaka kusikia habari za Luegu Jazz. Mama naye alikuwa ameanza kuugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari walisema moyo umepanuka. Lilipotangazwa bugi la tatu, Hilda alimfuata Mzee Bashiru nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukuomba usimtaje mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi simtaji mtu. Nasalimia ninaowaona."

"Lakini baba, wewe huoni."

"Ndiyo," mzee akasema. "Ni wao tu ninaowaona."

Hilda alirudi akamsimulia mama yake, akidhani ataogopa. Marehemu alimwambia, "Ukikataa kunipeleka nitakwenda kwa miguu, na utaona aibu kuniokota njiani."

Basi Jumapili, tarehe 31 Agosti, walikwenda. Mama aliacha kiti kitupu kando yake, kama ilivyokuwa mara zile mbili. Safari hii Hilda alikaa kwenye kiti hicho mwenyewe, kwa makusudi, ili kisibaki wazi.

Wimbo ulifika mahali pake. Hata wahudumu walisimama na sinia zao. Mzee Bashiru aligeuza uso polepole mpaka ukatua pale pale walipokaa. "Nakuona," akaimba, "nakuona, mtoto wa Romwaldi, nakuona Hi..."

Hilda anasema alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, kama mtu aliyeingia kwenye maji ya kijito cha Matogoro alfajiri. Hakuweza kusogea.

Mama alisimama. Yule ambaye asubuhi alishikwa ili avae viatu, alipita katikati ya watu bila fimbo, akafika chini ya jukwaa. "Bashiru!" akasema kwa sauti yake ya ofisini, ile ya kukata simu ya mtu. "Umekosea namba. Mimi hapa. Miaka yote hii hujanisalimia."

Magita yalizunguka, yakazunguka tena. Mzee aliinama, uso wake karibu ugusane na wa mama. Kisha akaimba, "Emerensiana binti Thadei, nakuona."

Marehemu alicheza wimbo ule mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa hewani, kama umewekwa begani kwa mtu mrefu. Wengi mliopo hapa mliona. Hilda aliomba liandikwe kwamba alikuwa akitabasamu.

Baada ya siku ile hali ilibadilika haraka. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, akawaaga majirani, akakataa kurudishwa hospitali. Alifariki nyumbani kwake Bombambili Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hilda.

Mzee Bashiru alikuja msibani juzi. Hilda alimuuliza waziwazi kama ni yeye aliyekuwa akiitwa. Mzee akasema, "Nilimwona mmoja anajiandaa kuondoka, mwanangu. Uso sikuuona sawasawa. Nilidhani ni wa kijana. Mama yako aliposimama, ukawa wake."

Hilda alimshukuru. Hakumuuliza zaidi, na familia inaomba mtu yeyote asimuulize.

Marehemu ameacha dada mmoja, Suzana, mtoto wa kiume, George, wajukuu watano, na binti, Hilda, aliye hai, mwenye afya, ambaye amekaa hapa mbele yenu.

Bwana alitoa, Bwana amekupokea, mama. Lala kwa amani, pumzisha miguu.